Pumzi, Shaba na Chumvi

Waliounda mitepe ya pwani ya Uswahilini hawakutia msumari katika mbao zake. Ubao ulitobolewa kingoni, ukaunganishwa na mwenziwe kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa ili maji yasipenye. Mwongozo wa Kiyunani wa safari za Bahari ya Hindi, ule uitwao Periplus, ulioandikwa katika karne ya 1, unaeleza kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Wala haikuwa kwamba watu wa pwani hawakukijua chuma; katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi alikitaja miongoni mwa mali za Malindi. Ushonaji ulikuwa na faida zake. Chombo kilichoshonwa hunepa kinapogusa mwamba, na kamba iliyochakaa hufumuliwa ikatiwa mpya. Matengenezo hayakuwa dharura iliyokifika chombo njiani, bali yalihesabiwa tangu siku ya kuundwa kwake.

Inafaa jambo hilo litangulie, kwani habari inayofuata ni ya chombo kidogo mno kuliko mtepe, kinachoenea kiganjani, ambacho leo hubeba roho za watu chini ya bahari ile ile. Wapiga mbizi hukiita regulata. Kazi yake ni kupokea hewa iliyoshindiliwa mtungini kwa shinikizo la takriban baa 200, na kumpa mzamiaji hewa ya kadiri, kila anapovuta pumzi, kwa shinikizo linalolingana na kina alichofika. Kila mita 10 za maji huongeza uzito ulio sawa na wa angahewa moja. Aliye mita 20 chini huvuta hewa iliyosongamana mara tatu kuliko ya aliyesimama ufukweni. Chombo hiki huundwa kwa shaba, chuma, mpira na plastiki, na kila kinapotoka majini hutoka pamoja na chumvi. Historia yake, kwa sehemu kubwa, ni historia ya mapatano baina ya binadamu na chumvi hiyo.

Somo la kwanza la mapatano hayo lilipatikana kabla regulata haijawazwa. Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza liliifunika meli yake HMS Alarm kwa mabati ya shaba nyekundu, ili kuizuia isiliwe na wadudu wa baharini watoboao mbao. Meli ikapelekwa visiwa vya Karibi. Iliporudi na kukaguliwa mwaka 1763, mbao zilikuwa salama, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Palipobaki karatasi ya kufungia mabati, ikatenga shaba na chuma, msumari ulikutwa mzima. Sababu yake ilikuja kueleweka baadaye. Madini mawili yasiyo sawa yakigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita baina yao. Lililo dhaifu huliwa, na lililo imara husalimika kwa gharama ya mwenziwe.

Miaka 60 baadaye mwanakemia Humphry Davy aliligeuza balaa hilo kuwa dawa. Mwaka 1823 wakuu wa jeshi hilo walitaka ushauri kuhusu shaba ya meli zao, iliyokuwa ikiliwa na bahari, na mwaka 1824 Davy akatoa jawabu: kipande kidogo cha zinki au cha chuma kikishikizwa kwenye bati la shaba, kitaliwa chenyewe na shaba itabaki. Majaribio yakamsadiki. Lakini meli zilipokwenda safari, shaba ile iliyohifadhiwa ikaota mwani na viumbe vya magamba, hata mwendo wa meli ukawa mzito. Ikadhihirika kwamba kuyeyuka kwa shaba kidogo kidogo ndiko kulikokuwa sumu ya kuwafukuza viumbe hao. Davy alikipata alichokitafuta, na jeshi halikuweza kukitumia. Hata hivyo kanuni yake ilidumu, na hadi leo vipande vya zinki hufungwa kwenye meli za chuma ili viliwe kwa niaba yake.

Pumzi ya mzamiaji ilikabidhiwa madini katika karne hiyo hiyo. Kabla ya hapo, aghalabu mzamiaji alikuwa na kifua chake tu. Wazamia lulu wa Ghuba, ambao miongoni mwao walikuwamo wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, walishuka kwa uzito wa jiwe, pua zao zimebanwa kwa kibanio, na pumzi moja ndiyo iliyokuwa akiba yao yote. Hawakuwa na kitu cha kushika kutu. Walichochakaza kilikuwa miili yao.

Nchini Ufaransa, katika wilaya ya Aveyron, mhandisi wa migodi Benoît Rouquayrol alibuni mnamo mwaka 1860 kifaa cha kuwapa hewa watu waliokumbwa na gesi mbaya chini ya ardhi. Akashirikiana na Auguste Denayrouze, afisa wa jeshi la wanamaji, na kufikia mwaka 1864 kifaa hicho kilikuwa kimegeuzwa kuwa cha baharini. Mzamiaji alibeba mgongoni chungu cha chuma kilichojazwa hewa kwa pampu kutoka juu. Juu ya chungu palikuwa na kiwambo cha mpira, mfano wa ngozi ya ngoma. Mtu alipovuta pumzi, kiwambo kilibonyea, kikasukuma vali, na hewa ikaja. Alipoacha kuvuta, vali ikajifunga. Kifaa kilingoja kuombwa ndipo kitoe. Jules Verne alikipenda kiasi cha kukiingiza katika riwaya yake ya safari za chini ya bahari, iliyotoka kitabu mwaka 1870. Lakini Verne aliwapa wazamiaji wake hewa ya saa nyingi bila mpira wa pampu, jambo ambalo mafundi wa zama zake hawakuliweza, kwa kuwa hakukuwa na mtungi wa kustahimili hewa nyingi kiasi hicho.

Mtungi ulipopatikana, kiwambo kilizaliwa upya. Katika Paris iliyokaliwa na Wajerumani, petroli ilikuwa adimu na magari yaliendeshwa kwa gesi. Mhandisi Émile Gagnan, wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa ametengeneza vali ya kuipa injini gesi kwa kadiri ya mahitaji yake. Desemba 1942 alikutana na Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la wanamaji, aliyetaka vali ya kumfanyia mtu kile ilichoifanyia injini. Mwaka 1943 walikijaribu chombo chao katika mto Marne, wakakirekebisha, na mwaka huo huo Cousteau akazama nacho katika bahari ya Mediterania. Kikauzwa kwa jina la Aqua-Lung. Kilikaa nyuma ya shingo, na mipira miwili mipana ilizunguka mabega hadi kinywani. Mwaka 1952, mjini Melbourne, Ted Eldred aliuza regulata ya namna nyingine aliyoiita Porpoise, iliyogawanywa sehemu mbili: ya kwanza juu ya mtungi, ikipunguza shinikizo kubwa, na ya pili kinywani, ikimalizia kazi, baina yao mpira mmoja mwembamba. Karibu kila regulata itumikayo leo hufuata mgawanyo huo.

Tangu siku za Cousteau, kiwiliwili cha regulata aghalabu ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Huchongeka vizuri, hustahimili shinikizo, na haiwaki kwa wepesi panapokuwa na oksijeni nyingi. Ila ina udhaifu wake baharini. Katika baadhi ya michanganyiko, zinki hutolewa na maji ya chumvi ikaacha shaba nyekundu peke yake, na pale palipong'aa kwa manjano hugeuka kuwa pa waridi, pa vinyweleo, pasipo nguvu. Umbo hubaki vile vile. Jicho huona chuma kizima, kumbe kilichobaki ni sawa na sifongo.

Ili kuilinda, shaba hupakwa nikeli na juu yake kromi. Hapo ndipo habari ya meli ya Alarm inaporejea kwa udogo. Kromi na nikeli ni imara kuliko shaba ya njano mbele ya chumvi. Maadamu ganda ni zima, shaba haiguswi. Likipata mkwaruzo mdogo, shaba iliyo wazi hujikuta imezungukwa na madini yenye nguvu kuliko yeye, na umeme wote wa ganda lile kubwa humwelekea kwenye kitundu kile kimoja. Shimo huchimbika kwenda ndani badala ya kutambaa juu. Springi nazo na parafujo huundwa kwa chuma kiitwacho kisichoshika kutu, na jina hilo lina masharti yake. Chuma hicho hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni ili ujitengeneze. Katika vijipenyo vilivyobanwa chini ya pete za mpira, maji yaliyosimama huishiwa oksijeni, chumvi ikauvunja utando, na kutu ikaanza pasipoonekana.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni wakati ambapo uharibifu huo hutendeka. Chini ya maji regulata imejaa hewa kavu yenye nguvu, na bahari haipati nafasi ya kuingia ndani. Kikija nchi kavu, maji ya juu hukauka na kuacha punje za chumvi, kali kama mchanga, zikwaruzazo mpira na kromi. Baadhi ya chumvi za bahari huvuta unyevu wa hewa. Usiku wa kaskazi, ukuta ukitoka jasho, nazo huyeyuka tena kidogo na kuendelea kula. Chombo kilichotundikwa ukutani na kusahauliwa kinaweza kuzeeka haraka kuliko kile kinachozama kila siku na kuoshwa.

Basi kinga ya kwanza ni maji baridi yasiyo na chumvi, na subira. Mara baada ya mbizi, kabla chumvi haijakauka, regulata huloweshwa na kusuuzwa. Ikiwa imekwisha kauka, maji ya uvuguvugu na muda mrefu zaidi huhitajika ili punje ziyeyuke. Kifuniko cha tundu liingiamo hewa lazima kikaushwe na kufungwa kwanza. Na kitufe cha kusukuma hewa kisibonywe wakati chombo kimetolewa kwenye mtungi, kwani vali hufunguka na maji ya kuogeshea yakapanda kwa mpira hadi sehemu ya kwanza. Nyingi katika regulata zilizooza kwa ndani hazikuharibiwa na bahari yenyewe. Ziliharibiwa na maji yaliyoingizwa kwa mkono wa mwenyewe.

Fundi hugundua siri hizo kwa kutazama kichujio. Katika mdomo wa sehemu ya kwanza kuna kidonge cha shaba ya vumbi lililobanwa na kuchomwa, ambacho hewa yote hupitia. Rangi yake ni ushahidi. Kijani kina maana kwamba maji ya chumvi yameingia na shaba inaliwa. Wekundu wa hudhurungi hutoka kwenye mtungi wa chuma wenye kutu ndani. Weupe wa kijivu ni unga wa mtungi wa alumini, na weusi ni masizi ya mashine ya kujazia hewa au mpira uliooza. Kichujio kikiziba, juu ya maji mtu huenda asihisi lolote. Akifika chini, ambako kila pumzi hudai hewa maradufu na zaidi, ndipo regulata hushindwa kutimiza.

Kwa kutu ya kijani iliyo changa, dawa ni tindikali hafifu. Fundi hukifungua chombo chote, hutoa mipira, hutumbukiza sehemu za shaba katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, au katika dawa maalumu ndani ya beseni la mitikisiko ya sauti, kwa dakika na wala si kwa saa. Siki ile ile inayotoa kijani, ikiachiwa muda, huishambulia shaba penye nyufa za kromi. Husugua kwa brashi laini, husuuza, hukausha kwa hewa safi, kisha hutazama kwa lenzi kile kingo chembamba ambacho vali hukikalia. Kikiwa na shimo, hata la ukubwa wa ncha ya sindano, hewa itapenya. Baada ya kukiunga tena hufunga geji na kutazama sindano. Ikipanda polepole badala ya kutulia, vali haifungi. Palipobanduka kromi au kuliwa shaba ya kiti cha vali, siki haiwezi kurudisha kilichokwenda. Chombo hicho hustaafishwa.

Regulata nyingi za namna ya Eldred zimeundwa kwa hekima moja: sehemu ya pili ikiharibika hufunguka zaidi badala ya kujifunga, hewa ikatoka kwa wingi kuliko kukatika. Hekima hiyo imeokoa wengi, na vilevile imewafanya wengi wazembe. Hewa inayofurika huumaliza mtungi kwa dakika chache, na aliye mita 30 chini hana dakika nyingi za kupoteza.

Watengenezaji wametafuta madini ya kuliondoa tatizo hili. Plastiki ngumu ilichukua nafasi ya shaba kwenye sehemu ya kinywani, na silikoni ikachukua nafasi ya mpira wa zamani uliokauka na kupasuka. Mwishoni mwa karne ya 20 zikaja regulata za titani, madini ambayo maji ya bahari hayaigusi. Lakini titani huweza kushika moto penye oksijeni nyingi, kwa hiyo haitakiwi kwa mchanganyiko wa hewa ulioongezwa gesi hiyo kupita kiasi. Hakuna madini yaliyokuja bila sharti lake. Nazo pete za mpira zimebaki kuwa pete za mpira, zenye kuhitaji kubadilishwa kila baada ya muda, na modeli iliyoachwa na kiwanda hufa siku pete zake zinapokosekana madukani.

Pwani ya Kenya inao mfano mkubwa wa yote haya. Mwaka 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Oktoba 1697 merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyoletwa kuwaokoa waliozingirwa, ilizama chini ya kuta za ngome hiyo, na Desemba 1698 ngome yenyewe ikaanguka. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wazamiaji wakiongozwa na Robin Piercy, wa Taasisi ya Akiolojia ya Baharini, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliyachimbua mabaki ya merikebu hiyo. Watu waliovuta pumzi kwa vyombo vya shaba walishuka kupandisha madini yaliyokaa chumvini kwa karibu miaka 280.

Hatari kubwa ya vitu kama hivyo huanza vinapotolewa majini. Chuma kilichokaa baharini karne nyingi hunywa chumvi hadi kiini chake. Kikiachwa kikauke, chumvi hujikusanya, chuma kikapasuka na kubomoka vipande. Ndiyo maana mafundi wa makumbusho hukiweka ndani ya maji na dawa kwa miezi, pengine kwa miaka, wakibadilisha maji na kupima chumvi iliyotoka, hadi itoke yote. Kazi ya makumbusho na kazi ya ndoo ya mzamiaji ni moja. Tofauti yake ni kwamba mmoja ana miaka ya kungoja, na mwingine anatakiwa ashuke tena kesho asubuhi.

Visiwani sharti hilo ni zito kuliko linavyosomeka. Palipo na visima vya maji ya chumvichumvi, maji matamu hununuliwa kwa dumu, na ndoo moja husuuza vyombo kumi, hadi maji ya ndoo yenyewe yakakolea munyu. Tena, regulata si mali ya mtalii peke yake. Wako wavuvi wa Unguja waliozama kwa hewa ya mitungi kutafuta majongoo ya baharini. Chombo hukodishwa, huazimwa, huuzwa, kikapita mikono mingi. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Regulata isiyo na kumbukumbu ya lini ilifunguliwa, na nani, na kilichokutwa ndani, ni mali ya namna hiyo.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Mshona mtepe alisafiri katika chombo alichokishona, au alimjua atakayesafiri. Davy alitoa kipande cha zinki kiliwe badala ya shaba. Regulata haikuwekewa zinki ya kuitetea. Kinachotolewa badala yake ni robo saa ya mtu aliyechoka, jua linatua, na maji aliyoyanunua. Asiyeitoa robo saa hiyo hapati hasara yoyote jioni ile. Chumvi hufanya kazi usiku, miezi kadhaa, na siku deni linapodaiwa, aliyeacha kuosha huenda amekwisha kiuza chombo. Atakayelipa ni yule aliye chini, aliyekiweka kinywani bila kujua, anayevuta pumzi na kuona haiji kama ilivyokuja jana.